Range Sport ya mtumba iwe gari ya kila siku hapa Dodoma: nivute au nibaki na Harrier?

#1 Mkazi wa Iyumbu
Habari wakuu. Naishi Iyumbu, ofisi iko Mji wa Serikali kule Mtumba, watoto nawashusha Area D, na shamba liko upande wa Chamwino ambako lami inaishia njiani. Gari niliyonayo ni Harrier ya 2005, ile ya 2.4. Inakula oili kidogo, vinginevyo haina makuu.
Sasa kuna jamaa Area C anauza Range Rover Sport ya 2008, dizeli 2.7, namba D. Anataka milioni 36 na anasema inazungumzika. Ndani ngozi, bodi safi, nimeiendesha hadi Ihumwa na kurudi, barabarani imetulia haswa. Prado 120 ya hela hiyo niliyooneshwa imechoka hadi usukani umechubuka. Mke wangu amekataa hiyo Range.
Swali ni moja. Hii gari inaweza kuwa ya kila siku, asubuhi iwake na jioni inirudishe? Wenye uzoefu tu. Wale wa "nimesikia" mpumzike kwanza.

#2 Siti ya Dirishani
Nimekaa pale kwenye kona na zabibu zangu. Endeleeni.

#3 Spana 13
Mkuu, mimi nashinda chini ya magari, nadhani naruhusiwa kujibu.
Hiyo Sport ina chasi moja na Discovery 3. Injini ya 2.7 inatumia mkanda wa taimingi, haina cheni. Kitabu cha Uingereza kinasema ubadilishwe kwenye maili 105,000, yaani kama kilomita 168,000, au miaka 7, kinachotangulia. Gari ni ya 2008. Kwa umri peke yake, mkanda ulishatakiwa kubadilishwa zaidi ya mara moja hata kama ingekuwa inalala stoo. Halafu nyuma ya injini kuna mkanda wa pili, mdogo, unaozungusha pampu ya dizeli. Huo ndio unaosahaulika. Muulize muuzaji mikanda yote miwili ilibadilishwa lini, akupe risiti. Akikwambia "fundi wangu ndiye anajua", mwombe namba ya huyo fundi.
Turbo nayo. Gereji nyingi huko kwao huinua bodi nzima kutoka kwenye chasi ndipo waifikie vizuri. Hapa kwetu tunaifikia kwa mikono myembamba na matusi.
Hendibreki ni ya umeme. Kitufe kidogo, unakivuta juu, mota inavuta nyaya, zinakaza viatu ndani ya diski za nyuma. Vumbi la Dodoma likiingia mle, viatu havirudi vizuri, mota inahangaika, unasikia mlio kama mbao inapasuliwa. Watu wanauogopa wanadhani ni difu. Ukiusikia mlio huo usiendelee kuitumia, fungua usafishe na urekebishe upya, vinginevyo unanunua mota.
Shokapu za upepo nawaachia wengine, maana najua wanakuja.

#4 Kiberiti
Hizo Range zina injini ya BMW ndiyo maana zinasumbua. Mjerumani na vumbi wapi na wapi.

#5 Mzee wa Makole
#4 kijana, usipotoshe watu. Injini za BMW zilikuwa kwenye Range kubwa ya 2002 hadi katikati ya muongo ule, kwa sababu BMW waliimiliki Land Rover miaka ya tisini kabla ya kuiuza kwa Ford mwaka 2000. Sport ya kizazi hicho haikutumia hizo. V6 ya dizeli ya 2.7 ni kazi ya Ford na Wafaransa wa Peugeot na Citroën. Tata wa India waliinunua Land Rover mwaka 2008, mwaka uleule wa hiyo gari.

#6 Kiberiti
Kwa hiyo ni Mwingereza, mwenye moyo wa Mfaransa, aliyelelewa na Mmarekani, akaozwa India. Na bado mnataka iwake asubuhi.

#7 Siti ya Dirishani
😂😂 Zabibu zimenipalia.

#8 Mama Wawili Kisasa
Mimi siyo wa "nimesikia", kwa hiyo naingia. Nina X5 ya 2009, petroli, silinda sita. Kisasa hadi UDOM kila siku ya kazi na inatulia. Siri yangu ni maji.
Injini ile pampu yake ya maji inazungushwa na umeme, haina mkanda. Ukimwaga kulanti ukajaza upya, hewa inabaki ndani. Kuna utaratibu wa kuitoa: unawasha swichi bila kuwasha injini, hita unaiweka joto la mwisho na feni ndogo, unakanyaga mafuta mpaka chini kwa sekunde kumi, unaachia, pampu inaanza kuzunguka yenyewe na kusukuma hewa itoke. Unaisikia ikinguruma mle ndani. Fundi mmoja, simtaji, alinibadilishia rejeta, akajaza maji ya bomba, akafunga kifuniko akaniambia "tayari mama". Kabla sijamaliza kupanda na barabara ya UDOM taa nyekundu ikawaka. Nilizima palepale na ndiyo maana bado nina injini.
Na maji yetu haya, hata birika linaota ukoko mweupe. Sasa fikiria njia nyembamba za aluminiamu ndani ya injini. Kulanti na maji yaliyochujwa ya kopo, basi. Nadhani nusu ya magari "yaliyokufa" Dodoma yaliuawa na ndoo.

#9 Nkuhungu Finest
Dada #8 umenena. Ila X5 yako Mjerumani wa wapi? Hizo zinaunganishwa Spartanburg, South Carolina, Marekani. Na ML za Mercedes zinatoka Alabama.

#10 Mama Wawili Kisasa
Kaka ilimradi inafika Kisasa, hata ingetoka Bahi.

#11 Upepo Umeisha
Spana alijua tunakuja, tumekuja. Nimekuwa na Discovery 3. Nilipaki jioni ikiwa imesimama, asubuhi naikuta kona moja imepiga magoti kama ngamia anayesubiri mzigo. Unawasha, kompresa inanguruma, inainuka, unaenda kazini umefurahi. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza na ndiyo inayodanganya watu.
Begi la upepo ni mpira. Mpira unachakaa kwenye mikunjo, unaanza kuvuja taratibu. Kompresa imetengenezwa ifanye kazi kidogo ipumzike. Begi likivuja inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Ukibadilisha kompresa ukaacha begi, hiyo mpya nayo inaungua. Mimi nilibadilisha kompresa. Fundi wangu wa wakati ule hakuniambia habari ya begi, na alilipwa kwa vyote viwili, kwa nyakati tofauti.
Ushauri: omba gari ilale usiku mzima mahali pa tambarare. Pima kwa futi kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, jioni na asubuhi.

#12 Bush Baby wa Nzuguni
Si mnatoa tu mabegi mnaweka springi za kawaida? Jamaa zangu wengi wamefanya hivyo, biashara imeisha.

#13 Upepo Umeisha
Inawezekana. Taa ya onyo inabaki imewaka mpaka uidanganye kompyuta, na ule utelezi wa mleta mada unaondoka. Sasa umenunua Range ya nini?

#14 Dereva Mstaafu Mtarajiwa
Niseme kitu ambacho hamtakipenda. Watu wanalinganisha hizi Range na Land Cruiser V8 za wakubwa wanazoziona hapa mjini, wanasema "Toyota haifi". Mimi naendesha hizo. Oili inabadilishwa kwa ratiba, matairi yanabadilishwa kabla hayajaisha, mafuta nalipiwa na ofisi, na gari ikiwa na mlio naandika fomu. Weka Range kwenye utaratibu huo uone kama haitafika. Sasa chukua V8 ya mnada, mpe mtu anayeweka mafuta ya elfu ishirini, uone kama haitalala uchochoroni Chang'ombe. Tatizo ni mfuko wa mmiliki wa tatu.

#15 Spana 13
#14 hapana kiongozi, hapo nakataa nusu. Utunzaji ni kweli. Lakini kuna vitu vimeumbwa vibaya hata umtunze vipi. Hizi V6 za dizeli, 2.7 na hasa 3.0 iliyofuata, zinajulikana duniani kote kwa krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kukatika. Wengine walikuwa na sevisi zote kwa vitabu. Unaendesha, gari inazima, ukipiga selfu haizunguki au inazunguka ovyo. Hapo unatafuta injini.

#16 Kiberiti
Krankishafti kukatika?? Chuma kile?

#17 Mzee wa Makole
Kinachotokea mara nyingi ni beringi kuzunguka mahali pake, inaziba tundu la oili, chuma kinapata joto, kinapasuka. Kwa nini beringi inazunguka, hapo ndipo watu wanapogombana. Wapo wanaolaumu ratiba ya Uingereza, kwamba sevisi hadi sevisi ni maili 15,000, ambazo ni kilomita 24,000. Oili ikikaa umbali wote huo ndani ya dizeli inakuwa lami. Wengine wanasema beringi zenyewe hazina kishikizo cha kuzizuia.

#18 Spana 13
Na mimi naongeza oili yenyewe. Injini inataka oili nyepesi, 5W-30. Mtu anaambiwa "Dodoma kuna joto, weka nzito". Anaweka ile ya lori. Asubuhi ikiwa baridi inachelewa kufika juu. Nimefungua injini ya namna hiyo, beringi zimeng'aa kama sarafu mpya.

#19 Nkuhungu Finest
Mimi siamini ya oili. Uingereza kote wanaweka hiyo 5W-30 na bado zinakatika. Ni ubunifu wa kiwandani tu, na aliyepata nzuri amepata bahati.

#20 Dereva Mstaafu Mtarajiwa
Zinazokatika ndizo zinazosimuliwa. Zinazofika nani anafungua uzi?

#21 Farasi wa Kondoa
Mleta mada, mbona hamna aliyegusa DPF? Dizeli za kisasa zinahitaji safari ndefu ili kichujio cha masizi kijisafishe. Wewe unashusha watoto, foleni, unazima. Kitaziba.

#22 Spana 13
Tahadhari nzuri, ila kwa 3.0. Zile 2.7 za miaka hiyo nyingi hazikufungwa DPF. Kwenye 2.7 kinachoziba ni EGR, vali zinazorudisha moshi ndani ya injini, ziko mbili, na njia za hewa zinajaa masizi mazito. Safari fupi zinaharakisha hilo.

#23 Risiti Tafadhali
Tuongee hela. Kuna watakaokwambia achana na hiyo, agiza ya kwako. Hesabu ya gari ya zaidi ya miaka 10 yenye injini zaidi ya 2000: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa 10, uchakavu 30, halafu VAT 18 juu ya jumla. Chukua kila shilingi 100 ya thamani ya gari hadi bandarini: 25 ya forodha inakuwa 125, hizo 10 na 30 zinapigwa kwenye 125 unafika 175, VAT unafika 206 na senti 50. Bado makato madogo na wakala wa bandari. Na thamani inayotumika mara nyingi ni ile ya kwenye mfumo wa TRA, siyo risiti aliyokupa Mjapani. Ingia kwenye kikokotoo chao uweke modeli kabla hujaota.
Ndiyo maana ya mkononi inaonekana rahisi. Aliyeiingiza alishalipa hayo yote, na sasa anaihama kwa hasara. Jiulize kwa nini anaihama.

#24 Bush Baby wa Nzuguni
Labda anataka kujenga. Si kila anayeuza anakimbia.

#25 Dalali Mwaminifu
Wakuu, hiyo gari naifahamu. Ni ya bosi, inatunzwa, haijawahi kugongwa. Kuna taa moja tu inawaka ya sensa. Mwenye nia aje inbox.

#26 Siti ya Dirishani
"Taa moja tu ya sensa." Wakuu tusimame dakika moja.

#27 Upepo Umeisha
Taa hiyo ni ya rangi gani na imeandika nini? Mleta mada wewe uliiendesha hadi Ihumwa, hukuiona?

#28 Mkazi wa Iyumbu
Niliiona. Aliniambia ni betri imekaa. Asanteni wote, nasoma kila kitu. Naomba pia mnisaidie: je, ni kweli za Uingereza zina kutu? Hii inaonekana ilitokea huko, spidi yake iko kwa maili.

#29 Mzee wa Makole
Kweli. Wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Angalia mabomba ya breki yanayopita juu ya chasi, kingo za chasi nyuma, na bolti za mikono ya chini mbele. Hizo bolti zikishikana na bushi, kufanya alaimenti tu inakuwa kazi ya kukata kwa gesi. Za Japani hazina chumvi nyingi hivyo, lakini Sport za Japani nyingi ni V8 ya petroli. Ile ya 4.4 hapa mjini hesabu kilomita tano kwa lita, sita ukiwa na nidhamu.
Tena road license ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta. Mwenye V8 analipa kila anapojaza, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi anasubiri bei mpya ya mafuta ya EWURA na roho mkononi.

#30 Mwanamke wa Shoka
Mke wako amekataa kwa sababu gani? Hilo hujatuambia.

#31 Mkazi wa Iyumbu
Dada, anasema kwao Mpwapwa kulikuwa na mtu ana gari ya namna hiyo na watoto wa mtaa walikuwa wanalipwa kuisukuma.

#32 Mwanamke wa Shoka
Msikilize shemeji yetu. Huyo ana uzoefu, siyo wa "nimesikia".

#33 Kiberiti
Dizeli otomatiki inasukumwaje iwake? Labda walikuwa wanaisogeza ipishe ng'ombe.

#34 Farasi wa Kondoa
Nina swali kwa wote mnaosifia utulivu wa safari ndefu. Tangu 2024 treni ya SGR inatoka hapa hadi Dar. Nani bado anaendesha kupita Gairo na Kibaigwa nyuma ya malori kwa starehe? Mimi gari ndefu niliiuza, Dar napanda treni nalala. Kinachobaki ni mjini na shamba. Mjini unahitaji kitu kidogo, shamba unahitaji kitu kigumu. Range ni nzuri kwa ile safari ambayo hufanyi tena.

#35 Nkuhungu Finest
Hapa umenigusa. Ila Kondoa hadi Babati lami imekamilika, pale Range inapendeza mno. Tusinyimane raha.

#36 Bush Baby wa Nzuguni
Mnaisakama Range, mbona Harrier yake inayokula oili hamuisemi? Injini ya 2AZ ya miaka ile inajulikana kwa hilo, ringi za pistoni zinaziba. Na Prado 120 ya dizeli, ile 1KD, sindano zake na pistoni kupasuka tumezika ngapi? Toyota siyo malaika.

#37 Spana 13
Siyo malaika, kweli. Tofauti ni kwamba 2AZ ikifa nakutafutia nyingine Ilala au Gerezani kabla ya wiki kuisha, na fundi yeyote wa Majengo anaifunga. Prado ya petroli ya 2.7, ile 2TR, hata sihitaji kompyuta, nasikiliza tu. Ya Range ikifa, injini ya mtumba utakayoletewa ni ya umri uleule, yenye ugonjwa uleule, na huijui ilikotoka. Vipuri feki nalo ni gonjwa. Kuna begi la upepo linauzwa kwenye boksi zuri kuliko la kiwandani na halimalizi msimu wa vumbi.

#38 Mama Wawili Kisasa
Spana, mafundi nanyi jitazameni. Gari ikija na taa mnabadilisha sensa mpaka mbahatishe. Nilikuja kununua kifaa changu cha kusoma makosa, nafika gereji na karatasi. Bili zilipungua palepale. Naamini kinachoua hizi gari Dodoma ni kubahatisha kuliko vumbi.

#39 Spana 13
Dada napokea, ila kifaa kinakwambia mlango wa kugonga, hakikwambii aliyemo ndani.

#40 Dereva Mstaafu Mtarajiwa
Mkazi, kama roho inataka starehe na kichwa kinataka amani, angalia Lexus LX470 au Cygnus, ni Land Cruiser 100 iliyovaa suti. Injini ya 4.7 ya petroli, 2UZ, ni ngumu kweli. Shokapu zake nazo siyo za kawaida, zinatumia oili ya presha na mabuyu yenye gesi, yakiisha gari inadunda. Ila hailali chini ghafla. Mafuta tu ndiyo utalia.

#41 Nkuhungu Finest
Na Touareg je? Naona zimeshuka bei.

#42 Mzee wa Makole
Touareg na Cayenne za kwanza ni ndugu. Ukiendesha ukasikia kitu kinagonga sakafuni kati ya viti, ni beringi ya katikati ya propela, mpira wake umechanika. Fungua uzi wako, huu umejaa.

#43 Mkazi wa Iyumbu
Wakuu mrejesho. Nimerudi Area C. Muuzaji amekubali gari ipimwe na kompyuta, amekataa ilale kwangu. Risiti ya mkanda mmoja ipo, ya 2019, imeandikwa kwa mkono. Ya pampu haipo. Ameshuka hadi 33. Nimezidi kuchanganyikiwa.

#44 Risiti Tafadhali
Ameshuka milioni tatu kwa sababu ya swali moja la mkanda. Uliza mengine mawili.

#45 Upepo Umeisha
Kama hataki ilale kwako, nenda wewe kwake usiku na futi, urudi alfajiri.

#46 Spana 13
Mimi nakuja. Usiilete gereji, injini ikishapata moto inaficha mengi. Nataka niikute baridi pale kwake, mwambie asiipashe. Nitasikiliza inavyowaka, nitaangalia moshi, nitajaribu hendibreki mara kadhaa, kisha niingie chini na tochi nione mabomba ya breki. Na hiyo taa ya "betri" tutaisoma mbele yake.

#47 Kiberiti
Nani analipa bodaboda ya Spana?

#48 Mkazi wa Iyumbu
Nalipa mimi, na supu baadaye. Spana, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, njoo inbox nikupe namba.

#49 Siti ya Dirishani
Jumamosi ni mnada Msalato. Mkimaliza pitieni kwenye mbavu, na picha za chini ya gari msisahau.